Kompyuta ya Mama Inaumwa Macho

Najua nimepotea, tesiti zilinibana, si mnajua tena. Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kantini. Naongelea kompyuta ya nyumbani, kwa sababu wiki mbili zilizopita ilininyima usingizi, na tangu nianze kuhadithia hapa hosteli watu watatu wameniambia kwao kuna kitu hichohicho. Badala ya kurudia maelezo mara tatu, nimeona niandike mara moja, mje mdese wenyewe.

Kwanza muijue hiyo kompyuta. Ipo kwetu Mbeya, sebuleni, juu ya meza ya pembeni, inafunikwa kitambaa cha kufuma kama wageni wakija. Ni mtumba mzee. Kuna lile boksi ambalo sote tunaliita CPU (ingawa CPU yenyewe ni kile kidude kidogo kilichomo ndani), monita bapa ya inchi 17, RAM ya GB 2 ambazo ni vipande viwili vya GB 1, na Windows 7, ile ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Haijaunganishwa na intaneti. Kazi yake ni moja tu: Mama anachapa mitihani. Walimu wa shule za msingi za jirani wanamletea karatasi za mkono, anachapa, anapanga michoro, halafu flashi inakwenda steshenari kutolewa kopi. Si hela ya kujengea nyumba. Lakini ndiyo nauli na madaftari ya mdogo wangu wa kidato cha pili, na mimi nikikwama kabla ya bumu ndiyo inayonisogeza.

Basi Alhamisi jioni Mama akapiga simu. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, halafu: "Mwanangu, kompyuta inaumwa macho."

Ikiwashwa inakuwa nzima. Baada ya dakika kama ishirini vinaanza kutokea vimraba vya rangi, kijani na waridi, hapa na pale. Kisha mistari. Kisha maandishi yanakatika vipandevipande, na mwisho inaganda. Mtihani wa Hisabati wa darasa la saba ulitakiwa Jumatatu asubuhi. Fundi alishaitwa, akaangalia dakika tano, akasema kadi ya grafiki imeungua. Ushauri wake: tupige window kwanza kwa elfu kumi na tano, isipopona tubadilishe mazabodi kwa laki na nusu.

Laki na nusu, jamani. Na kompyuta ile haina kadi ya grafiki! Hili hata wewe unaweza kuliangalia kwenu. Geuza boksi utazame nyuma. Kama waya wa monita umechomekwa eneo lilelile lenye matundu ya USB na ya spika, grafiki imo kwenye mazabodi au ndani ya prosesa. Kama umechomekwa peke yake pale kwenye mipenyo mirefu iliyopangwa, hapo ndipo kuna kadi ya kujitegemea. Ya kwetu ni ya aina ya kwanza. Sasa kitu ambacho hakipo kiliunguaje?

Nikamwambia Mama asilipe chochote kwanza, anipe dogo kwenye simu.

Tatizo la kwanza likawa lugha. Nikamuuliza, "Picha ina chenga?" Akasema, "Dada, chenga ndiyo nini?" Nikacheka, lakini ana haki. Chenga ni za tivii ya chogo na antena ya kwenye mti, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazochemka kama mchele. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata. Mtoto aliyekulia kwenye king'amuzi hajawahi kuona chenga, anajua picha kuganda na kukatika vipande tu. Na yeye akisema "inacheza" mimi sijui anamaanisha inatetemeka, inapoteza rangi au inakwama. Kwa hiyo tukakubaliana maneno kabla ya kugusa kitu: vimraba, mistari, kutetemeka, kupauka, kuganda. Kila akiona kitu, aseme ni kipi kati ya hivyo, kiko upande gani wa kioo, na kimetokea baada ya dakika ngapi. Aandike kwenye daftari. Wenzangu wa ualimu mtanielewa: mwanafunzi akikwambia "sielewi" bado hujajua chochote, mpaka akuonyeshe ni mstari gani alipopotelea.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye somo lenyewe.

Picha unayoiona kwenye kioo imesafiri. Inaanzia kwenye programu, tuseme Word. Inapita kwa draiva. Inaandikwa kwenye kumbukumbu kama tarakimu. Chipu ya grafiki inazisoma tarakimu hizo, kwa monita nyingi bapa ni mara 60 kila sekunde, inazisukuma kwenye waya, na monita inazigeuza kuwa mwanga. Hesabu vituo: programu, draiva, kumbukumbu, chipu, waya, monita. Sita. Ni kama basi letu la Iringa kwenda Mbeya: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, Uyole. Ukiambiwa gunia lako limefika limelowa, huanzi kwa kununua basi jipya. Unauliza, Makambako lilikuwa kavu? Chimala je? Kila swali linakupunguzia barabara.

Tukaanzia mwisho wa safari, kwa sababu huko kupima ni bure.

Monita. Nilimwambia dogo asubiri vimraba vitokee, halafu abonyeze kitufe cha menyu cha monita yenyewe, kile cha kuongeza mwanga. Menyu ile haichorwi na kompyuta, inachorwa na monita. Kama nayo ina mistari, mgonjwa ni monita. Akabonyeza. Menyu ilikuwa safi kabisa, na vimraba vinaonekana nyuma yake. Monita ikaachiwa huru.

Waya. Waya wetu ni ule wa VGA, ule wenye skrubu mbili pembeni. Ni teknolojia ya IBM ya mwaka 1987, na bado ipo sebuleni kwetu. Una pini 15 zilizopangwa safu tatu, na rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja inapita kwenye pini yake. Ndiyo maana waya ukilegea au pini ikipinda hupati vimraba, unapoteza rangi moja. Ikikosekana bluu, weupe wote unakuwa njano. Ikikosekana kijani, unakuwa zambarau. Ikikosekana nyekundu, unakuwa bluu-kijani. Mwenzangu mmoja hapa kwao picha imekuwa ya njano mwaka mzima na walishazoea, wakidhani ni uzee wa monita. Kwenu kukiwa hivyo, chomoa waya, tazama pini kama kuna iliyolala, inyooshe taratibu kwa ncha ya kalamu, rudisha, kaza skrubu. Ya kwetu rangi zote zilikuwepo na kuutikisa waya hakukubadilisha kitu. Waya ukaachiwa.

Programu na draiva. Hapa mafundi wengi ndipo wanapotulia, kwa sababu kupiga window ni kazi ya kukaa na kusubiri. Lakini kuna njia ya kuviruka vyote viwili kwa pamoja. Washa kompyuta, na kabla ya Windows kuanza bonyeza Delete au F2 (mashine zinatofautiana) uingie kwenye BIOS. Pale hakuna Windows, hakuna draiva, hakuna Word. Iache hapohapo nusu saa, nenda kachote maji. Kama picha itabaki nzima muda wote, tatizo huenda ni la Windows au draiva, na hapo unaweza kujaribu njia ya usalama kwa F8 kwenye Windows 7, ambayo inatumia draiva ya kawaida kabisa. Kama picha itaharibika humo ndani ya BIOS, basi kupiga window ni kumpaka mgonjwa wa tumbo dawa ya mguu.

Dogo akaiacha. Dakika ya ishirini na tatu akanipigia. "Dada, hamna vimraba. Ila maneno yamebadilika." Nikamwambia anipige picha kwa simu ya Mama. Kweli, katikati ya maneno ya kawaida kulikuwa na alama za ajabu, herufi moja hapa, moja pale, na nyingine zimegeuka rangi zenyewe.

Niliangalia ile picha muda mrefu kuliko mihadhara mingine ninayohudhuria. Elfu kumi na tano ya window tulikuwa tumeshaiokoa, lakini kilichonishika ni kingine, nitakirudia.

Vituo vilivyobaki vilikuwa viwili, kumbukumbu na chipu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, bando la dakika limebaki kidogo. Nikampa dogo masharti: zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumalizia umeme uliobaki, shika bati la boksi kwanza kabla ya kugusa cha ndani. Pawasaplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme, lisifunguliwe hata kama kichwa kinakuwasha. Na wale wenye monita za chogo kwenu, ile msiifungue kabisa. Ndani ina umeme wa maelfu ya volti na inaweza kuutunza hata baada ya kuzimwa.

Akafungua ubavu. "Dada, humu kuna blanketi." Vumbi la kiangazi la Mbeya mnalijua. Lilikuwa limelala katikati ya mapezi ya aluminiamu juu ya prosesa mpaka feni inapuliza ukuta. Na kwetu ni mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko hewa ya Dar, kwa hiyo feni ya huku haina nafasi ya uvivu. Akasafisha kwa brashi kavu ya rangi, feni kaishika kwa kidole isizunguke. Hakuna maji, hakuna kitambaa kibichi.

Tukarudia kipimo kilekile cha BIOS. Safari hii alama za ajabu zilikuja baada ya dakika hamsini badala ya ishirini na tatu. Afadhali, ila si kupona. Joto lilikuwa linaharakisha ugonjwa, halikuwa ugonjwa wenyewe. Kama tungesafisha, tukatazama dakika thelathini na kushangilia, Jumapili usiku tungelia.

Ikabaki RAM. Kompyuta yenye grafiki isiyojitegemea haina kumbukumbu yake ya picha, inakopa sehemu ya RAM ya kawaida. Kwa hiyo RAM ikiumwa, picha inaumwa. Nilimwambia achomoe vipande vyote viwili, asugue zile pini za dhahabu taratibu kwa ufutio safi, apulize mabaki, halafu arudishe kimoja tu. Akaviandika kwa penseli A na B. Kuanzia hapo dogo akaanza kuniongoza yeye. Kabla sijamaliza kusema akaniambia, "Subiri dada. Nikiweka A kwenye tundu la kwanza ikakubali, B ikakataa kwenye la pili, si tutakuwa hatujui kibaya ni B au ni tundu? Naweka zote kwenye tundu la kwanza, halafu zote kwenye la pili." Kidato cha pili huyo. Hakuna aliyemfundisha maneno ya kigezo huru na kigezo tegemezi, ila alichosema ndicho hichohicho.

Matokeo kwenye daftari lake:

A, tundu la kwanza: saa moja, safi.
A, tundu la pili: saa moja, safi.
B, tundu la kwanza: dakika nne, alama za ajabu.
B, tundu la pili: dakika sita, alama za ajabu.

Kwisha habari yake. Kipande B kilitolewa. Kompyuta sasa ina GB 1, inafungua Word kwa kujivuta kama lori kwenye mlima, lakini picha ni safi. Jirani wa mazabodi ya laki na nusu alikuwa kipande cha RAM cha mtumba, ambacho Mwanjelwa dogo alikipata kwa elfu kumi na mbili wiki iliyofuata, baada ya kumwomba muuzaji kikae kwenye mashine saa nzima kabla ya kulipa.

Sasa ile picha ya BIOS.

Kioo chetu kina nukta 1280 kwa 1024, yaani nukta 1,310,720. Kila nukta inachukua baiti 4 kwenye kumbukumbu, jumla MB 5 kamili. Kati ya GB 2, hizo ni sehemu ndogo sana. Ndani ya RAM hiyohiyo kuna Windows, kuna Word, na kuna mtihani wa Hisabati ambao Mama anauchapa. RAM mbovu haichagui kuharibu vimraba tu. Tunaona vimraba kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya kumbukumbu iliyo mbele ya macho. Kwingine inaharibu kimyakimya.

Na inaharibuje? Kwa kompyuta, alama "1" imeandikwa kama namba 49, na "3" kama namba 51. Kwa lugha yake ya sifuri na moja, 49 ni 110001 na 51 ni 110011. Tofauti ni biti moja. Biti moja ikigeuka, "alama 10" inakuwa "alama 30". Ikigeuka nyingine, 1 inakuwa 5. Programu ya kukagua tahajia haitasema neno, kwa sababu 30 ni namba halali. Mtoto wa darasa la saba atakaa na swali lisilo na jibu, na mwalimu atamlaumu mchapaji.

Nilimweleza Mama hivyohivyo, taratibu, Jumamosi usiku. Alinyamaza mpaka nikadhani bando limekatika. Kisha akasema, "Basi ule wa Hisabati nauchapa upya wote. Siamini hata mstari." Nikamwambia Mama, pengine haujaguswa, usome tu kwa makini. Akasema, "Mwanangu, mimi nikisoma naona nilichokusudia kuandika, sioni kilichoandikwa." Akaupiga upya kuanzia ukurasa wa kwanza kwenye ile GB 1 inayojivuta, dogo akimsomea karatasi ya mkono kwa sauti. Wakamaliza saa tano usiku Jumapili. Jumatatu flashi ilifika steshenari.

Ndiyo maana nawaandikia, na siyo kwa ajili ya uzuri wa picha. Vimraba vikitokea kwenu, msizoee. Yule wa picha ya njano anaweza kuishi nayo, waya hauharibu kazi yake. Lakini kioo kikianza kubadilisha herufi hata kabla ya Windows kuwaka, kila unachokihifadhi siku hiyo kinaweza kuwa na doa. Acheni kazi, nakilini mafaili yaliyokuwepo kabla ya ugonjwa, pimeni RAM. Windows 7 na zilizofuata zina kipimo chake tayari: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, kubali iwashwe upya, iache ijipime. Kikisema kuna hitilafu, toa kipande kimojakimoja kama dogo. Kikisema hakuna na bado alama zinakuja, msikiamini peke yake, jaribuni kipande kimojakimoja hivyohivyo.

Neno la mwisho kwa wenye mashine za umri wa ya kwetu. Dogo alipokuwa ndani aliona kapasita mbili, vile vipipa vidogo karibu na prosesa, vimevimba vichwa. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliingia kwenye mazabodi za kampuni nyingi duniani, zikawa zinavimba na kuvuja, na mitumba mingi imezaliwa enzi hizo au karibu nazo. Hizo mbili zitaiua kompyuta yetu siku moja, na ufutio hautasaidia. Kwa hiyo mitihani yote ya Mama sasa iko kwenye flashi mbili, moja kwenye kabati na moja kwenye mkoba wake wa kanisani, na dogo amepewa kazi ya kuvikagua vile vipipa kila mwisho wa mwezi na kuandika kwenye daftari lake.

Ni hayo tu kwa leo. Nina majaribio ya ufundishaji keshokutwa na sijaandaa hata zana. Wale watatu wa hosteli: wewe wa picha ya njano anza na pini. Wewe ambaye kwenu mistari inakuja kompyuta ikipata moto, anza na brashi, ila pima saa nzima kabla ya kushangilia. Na wewe ambaye kaka yako tayari ameshapiga window mara mbili, mwambie asipige ya tatu. Aingie kwenye BIOS akachote maji.

Tuonane.